Joto la Dawati la Nyuma

Nyuzi za joto tunazosomewa redioni ni za kivulini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kama mamlaka za nchi nyingine, hupimia joto ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vipande vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisipenye, kikiwa kimesimamishwa juu ya majani kimo cha kifua cha mtu. Aliyekibuni karne ya 19 ni Thomas Stevenson, mhandisi Mskoti wa minara ya taa, baba wa yule Robert Louis aliyetunga hadithi ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina. Kisanduku kile hufanya kazi yake vizuri: huwezesha Korogwe kulinganishwa na Kigoma, na mwaka huu kulinganishwa na mwaka 1970. Ila hakuna mtoto anayesomea ndani yake.

Korogwe, mkoani Tanga, iko bondeni, kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, mto Pangani ukipita ubavuni na mashamba ya mkonge yakitanda kuelekea miguuni mwa Usambara. Handeni imeinuka zaidi, lakini ni nchi kavu ya Uzigua, ambako watu wameishi miaka mingi wakitegemea maji yanayosukumwa kwa bomba kutoka mto huohuo wa Pangani, upande wa Korogwe. Ukipanda gari la Lushoto pale Mombo, baada ya kona nyingi unakuwa umekwea karibu kilomita moja kwenda juu, na hewa imepoa kama nyuzi sita. Wajerumani walilijua hilo mapema, wakajenga Wilhelmstal yao, ndiyo Lushoto ya leo, huko juu. Mtoto wa Mombo alibaki chini, na darasa lake ni la tofali na mabati.

Kwa latitudo ya hapa, nyuzi tano na kitu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mara zote mbili mvua haijashika: masika bado, vuli bado. Mlingoti wa bendera haupati kivuli, na kila mita ya mraba ya paa hupokea takribani wati 1,000. Bati jipya linalong'aa hurudisha angani sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Bati lililoshika kutu huimeza, likapata moto wa nyuzi 60 na zaidi, kisha likaumwaga chini juu ya vichwa vya watu.

Hapo ndipo kipimajoto cha kawaida kinapoanza kutudanganya. Kinasoma joto la hewa inayokigusa, basi. Joto linaloshuka kutoka kwenye bati kwa mnururisho, bila kuipasha hewa sana njiani, karibu hakilioni, lakini ngozi ya mtoto inalihisi. Ndiyo sababu kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 32 chini ya mwembe na nyuzi 32 darasani, mwalimu akahamishia somo mwembeni, na kila mtu akaona nafuu. Mwaka 1930 mtafiti Mwingereza H. M. Vernon alipendekeza dawa rahisi: chukua tufe la shaba tupu ndani, lipake rangi nyeusi, chomeka kipimajoto katikati. Tufe jeusi hupokea mnururisho kama mwili unavyoupokea. Siku hizi watu hutumia hata mpira wa tenisi ya mezani uliopakwa masizi, na tofauti kati ya kihisi kilicho uchi na kihisi kilicho ndani ya mpira huo ndiyo habari yenyewe. Ikiwa ni nyuzi moja, paa halina kosa kubwa. Ikifika nyuzi nne au tano, tatizo liko juu ya kenchi, na kufungua dirisha hakutalimaliza.

Joto lingine huingia mlangoni kwa miguu yake. Mtoto aliyekaa ametulia hutoa kama wati 70. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, darasa la watoto 80 halimshangazi mtu. Themanini mara sabini ni wati 5,600: sawa na kuwasha pasi tano za umeme na nusu chumbani, tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Wanauchumi wanne wa Marekani, wakiongozwa na R. Jisung Park, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliotumia alama za wanafunzi wapatao milioni 10 waliorudia mtihani mmoja. Kwa wale ambao shule zao hazikuwa na viyoyozi, kila mwaka wa masomo ulipozidi joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya Selsiasi, walipoteza karibu asilimia 1 ya kile ambacho wangejifunza mwaka huo. Siwezi kuichukua asilimia hiyo na kuibandika Handeni, ambako vitabu, njaa na umbali wa kutembea vyote vina mkono wao. Lakini utafiti ule unaitia shaka hoja moja niliyoisikia sana, kwamba watoto wa joto wameshalizoea. Pasipokuwa na kiyoyozi, mwaka wenye joto zaidi uliwaumiza.

Sasa kihisi chenyewe, kile cha kupimia hali ya darasa. Anayekisikia mara ya kwanza hutarajia mtambo. Kumbe ni bodi ndogo ya kielektroniki inayoenea kiganjani. Mfano unaofahamika shuleni ni micro:bit, ambayo BBC iliisambaza kwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016. Toleo lake la pili, la 2020, lina uwezo wa kupima joto, mwanga na sauti kwa pamoja, na namna linavyofanya hivyo inafaa kujulikana na kila mwalimu wa fizikia. Bodi haina jicho maalumu la mwanga: hutumia vitaa vyake vyekundu kinyumenyume. Kitaa hicho ukikipa umeme hutoa mwanga, na ukikipa mwanga hutoa umeme kidogo, ambao bodi inaupima. Joto nalo inalisoma ndani ya chipu inayoiendesha. Maana yake ni kwamba inapima kwanza joto lake yenyewe, na kwa kuwa inafanya kazi, joto lake limezidi kidogo lile la chumba.

Watu huona hilo ni kasoro. Mimi naona ni somo bora kuliko lolote lililomo kwenye kijitabu cha maelekezo, kwa sababu hakuna kihisi ambacho hakifanyi hivyo. Kila kimoja husema ukweli kuhusu pale kilipo. Kiweke juu ya meza ya mwalimu na utapata joto la meza ya mwalimu, ambayo kwa kawaida iko karibu na mlango. Kitundike ukutani upande wa magharibi na saa tisa alasiri kitakusomea joto la tofali. Kiache dirishani jua likimulike dakika kumi, nacho kitaripoti hali ambayo ingemuua mtu. Darasa la mita tisa kwa saba lina hali za hewa kadhaa ndani yake, na ile mbaya kuliko zote huwa kwenye dawati la nyuma, katikati, wanakobanana wanne au watano mbali na kila dirisha. Huko ndiko pa kuanzia.

Mkoa huu wa Tanga una haki ya pekee ya kuzungumza juu ya joto na wanafunzi. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, huko juu Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, na wanasayansi hadi leo wanabishana kama jambo lile lipo kweli au ni matokeo ya namna ya kupima. Kwangu uzito wa kisa kile hauko kwenye barafu. Uko kwenye mvulana aliyeamini alichokiona kwa macho yake, katika chumba ambacho aliyeruhusiwa kuona alikuwa mwalimu peke yake. Kihisi kikifungwa ukutani na mtaalamu aliyekuja na Land Cruiser, kikakusanya takwimu miezi mitatu na kuondoka nazo, Mpemba wa leo hataambulia kitu.

Na huenda asisubiri mtaalamu. Baada ya sensa ya watu na makazi ya 2022, serikali iligawa kwa walimu karibu vishikwambi 300,000, vingi vikiwa ni vile vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Kila kishikwambi kina maikrofoni, na vingi vina jicho la mwanga linalopunguza au kuongeza mng'ao wa kioo. Programu ya bure ya kupima desibeli na luksi inatosha kuanzia. Namba zake hazitakuwa sahihi kwa kiwango cha maabara; kishikwambi kimoja kitasoma 62 pale kingine kinaposoma 66. Lakini kifaa kilekile, kikihamishwa kutoka dawati la mbele hadi la nyuma, au kutoka jengo moja hadi jingine, kinalinganisha kwa haki. Joto tu ndilo litahitaji kifaa kingine, maana kishikwambi hujipasha chenyewe kupita kiasi.

Sauti ndiyo hunichukulia muda mrefu, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Joto kila mtu hulilalamikia. Kelele mwalimu huzishinda kwa koo lake, na hiyo huitwa kazi.

Desibeli hazihesabiki kama nyuzi za joto. Ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio husikia kama imekuwa mara mbili hivi. Mwalimu anayefundisha kwa sauti ya kawaida hutoa kama desibeli 65 kwa aliye umbali wa mita moja. Uwanjani, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6, hivyo mita nane mbali zimebaki 47. Ndani ya chumba kuta hurudisha kiasi, lakini hurudisha na kelele pia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35, na wataalamu wa usikivu hutaka sauti ya mwalimu izidi kelele hizo kwa 15. Sasa leta mvua. Mvua kubwa juu ya mabati yasiyo na dari yaweza kupita desibeli 70, na hapo mwalimu wa Handeni hufanya kitu cha busara pekee kilichobaki: huandika ubaoni, au hukaa.

Mvua angalau huisha. Mwangwi haukomi, na kuhusu mwangwi kuna mtu mmoja wa kumjua. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwita mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kikampa ukumbi mpya wa mihadhara ambao hakuna aliyeelewa linalosemwa ndani yake, kwa kuwa kila neno lilizunguka sekunde tano na zaidi kabla ya kufa. Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipolala. Alikuwa na filimbi ya kinanda, saa ya kupimia muda na masikio yake, na aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa maonyesho wa jirani, akiingiza mingi zaidi kila mara na kupima mwangwi unavyofupika. Alipotafuta kipimo cha kulinganishia, alichagua dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi. Kila mto alieleza ni sawa na sehemu gani ya dirisha.

Mtanzania anayesoma hilo anapaswa kucheka kidogo. Dirisha lisilo na kioo, lile tunaloliona kuwa alama ya umaskini wa shule zetu, ndilo kipimo cha ukamilifu katika elimu ya sauti. Nimepiga hesabu ya Sabine kwa darasa la mita tisa kwa saba lenye kimo cha wastani wa mita tatu na nusu, kuta za plasta, sakafu ya saruji, halina dari, halina watu. Likifungwa kabisa, mwangwi unakaribia sekunde tatu na nusu. Fungua madirisha sita ya mita moja na nusu ya mraba kila moja, nao unashuka chini ya mbili. Ingiza watoto 60 na sare zao, unabaki kama sekunde moja. Kiwango cha Marekani kwa chumba cha ukubwa huo ni sekunde 0.6, kikipimwa chumba kikiwa kitupu. Miili ya watoto ndiyo inayolituliza darasa letu, huku hiyohiyo ikilichemsha.

Kuna wanaoumia zaidi katika mvumo huo. Mtu anayesikiliza lugha aliyoizoea tangu utotoni hujaza mwenyewe silabi zilizomezwa. Anayesikiliza lugha ngeni hana cha kujazia. Mtoto wa kijijini Handeni aliyekua na Kizigua nyumbani hukutana na hilo anapoanza shule kwa Kiswahili, na hukutana nalo tena, kwa ukali mkubwa zaidi, Kidato cha Kwanza masomo yanapogeuka Kiingereza. Tunajadili lugha ya kufundishia kwa miongo sasa. Sijawahi kusikia katika mjadala huo mtu akiuliza chumba kinavuma sekunde ngapi.

Mwanga nitaupitia haraka, kwani hapa tuna bahati. Nje, jua la mchana hutoa kama luksi 100,000. Siku ya mawingu 10,000. Katikati ya darasa la kawaida hufika kama asilimia 2 ya mwanga wa nje, yaani luksi 200 siku ya mawingu, wakati viwango vya Ulaya kwa muda mrefu vilitaja 300. Si vibaya. Shida yetu kubwa ni mgawanyo: aliye dirishani anapigwa na jua kwenye daftari hadi ukurasa unamuumiza macho, aliye katikati anakunja uso kusoma maandishi ya chaki kwenye ubao uliochujuka rangi, na mng'ao wa dirisha la mbele unafuta theluthi ya ubao kwa wale wa pembeni. Kihisi cha mwanga kikizungushwa dawati hadi dawati huonyesha hayo kwa robo saa, na mengi yake hutibiwa kwa rangi nyeupe ukutani, rangi nyeusi ubaoni, na kuugeuza mpangilio wa madawati.

Ugumu huja pale vipimo vitatu vinapogombana. Dirisha pana huleta mwanga na upepo, huua mwangwi, kisha huruhusu barabara iingie. Shule iliyo kando ya barabara kuu, kuanzia makutano ya Segera kupita Korogwe kuelekea Mombo, ina malori na mabasi ya Arusha mchana kutwa. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanayopendwa siku hizi huzuia vumbi na hupendeza kwenye picha ya uzinduzi, lakini hufunguka nusu tu. Nusu ya upepo imekwenda na mwangwi umerudi. Miti ya kivuli hupoza ukuta wa magharibi na hula luksi. Kati ya yote, kitu kimoja ndicho sijaona kikigombana sana na kingine: dari. Silingibodi hukata mnururisho wa bati, hupunguza kishindo cha mvua, hufupisha mwangwi kwa kupunguza ujazo wa hewa, na ikipakwa nyeupe hurudisha mwanga hadi katikati. Hata hivyo fedha za ujenzi zikipungua, dari ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa jengo lenye bati huhesabika kuwa darasa, na lenye dari bila bati halihesabiki.

Maikrofoni ina jambo lake. Kifaa kinachopima ukubwa wa sauti kihifadhi namba za desibeli peke yake, kisihifadhi maneno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mtoto wa darasa la tatu kama inavyomhusu mteja wa benki. Mwalimu naye ana haki ya kuhofu. Akiona kitu kinawaka ukutani, wazo lake la kwanza ni mthibiti ubora wa shule, na la pili ni nani atakayeambiwa kwamba darasa lake lina kelele. Kwa hiyo namba zikae kwenye daftari la shule, ziandikwe na wanafunzi, na ziwe za chumba.

Namba za namna hiyo zimewahi kuhamisha reli, au angalau kuitia mpira. Mjini New York, shule moja ya kaskazini mwa Manhattan ilikuwa ubavuni mwa njia ya treni ya juu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walilinganisha watoto wa vyumba vya upande wa reli na wa upande wa pili wa jengo lilelile. Kufikia darasa la sita, wa upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima katika kusoma. Mamlaka ya usafiri ikaweka mpira chini ya reli, idara ya elimu ikaweka dari za kunyonya sauti, na Bronzaft aliporudi na kupima upya, matokeo aliyoyachapisha mwaka 1981 yalionyesha pengo limetoweka.

Jambo lililomsaidia ni kwamba alikuwa na vyumba viwili vya kulinganisha chini ya paa moja. Shule nyingi za Handeni na Korogwe zina bahati hiyohiyo bila kujua. Kupitia mpango wa UVIKO-19 wa 2021 na 2022 nchi ilijenga madarasa 15,000, ya sekondari na ya shule shikizi, na katika viwanja vingi jengo jipya lenye dari limesimama hatua chache kutoka kwenye la zamani lisilo nayo. Chagua siku ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Vipimajoto viwili vya aina moja, vilivyokaguliwa kwanza vikiwa mezani pamoja, mpira mweusi mmoja kwa kila chumba, kishikwambi kimoja cha kuzungushwa. Dawati la nyuma, katikati, saa mbili asubuhi, saa sita na saa nane mchana, idadi ya watoto ikiandikwa kila mara. Halafu daftari hilo lipelekwe kikao cha kamati ya shule, kabla fungu la ukarabati halijapangwa.